Gemu Aliyopelekewa Ummy

Muscat, 5 Mei 2024

Dada yangu mpenzi Biasha,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na mwanangu Ummy, na Ami Mcha kule Fumba mguu wake umeshapata nafuu. Mimi huku sijambo, ila joto limeanza mapema mwaka huu na kazi za nyumba ya watu unazijua, haziishi. Nisalimie majirani wote, hasa Bi Salhiya. Nimesikia mwanawe kapata kazi hotelini Kendwa, nimefurahi sana.

Kwa mkono wa Mwanakheri, anayekuja na kurudi na mizigo ya watu, nakuletea kifurushi. Vitenge viwili ni vyako, manukato ni yako, tende mgawane. Kile kisanduku kilichofungwa karatasi nyekundu ni cha Ummy, tafadhali akifungue mwenyewe. Ni gemu, dada! Zile za zamani, unazikumbuka? Zile za kwa Bi Salhiya, tulizokuwa tukikaa mkekani kugombania pedi za kuchezea mpaka mama anakuja kututoa kwa kandambili. Sasa wanazitengeneza ndogo, kama kisanduku cha sabuni, na pedi zake mbili za waya, unachomeka kwenye televisheni basi. Gemu mia sita zimo humo humo ndani.

Nimeinunua mtandaoni. Sitakuficha, si mpya. Kuna watu Dubai wanazikusanya zilizotumika, wanazifungua, wanazisafisha, wanabadilisha vitufe, kisha wanaziuza tena kwa garantii. Lakini Ummy usimwambie hivyo, mwambie mpya. Mimi simu sina, unajua mwenye nyumba hataki wafanyakazi washike simu, aliyeniagizia ni Yusra, binti wa nyumba hii. Chini yake nimekwaruza herufi U kwa sindano, asije mtoto wa jirani akadai yake.

Mwambie aniandikie. Ana miaka kumi na mmoja sasa, na mimi sijaona hata mwandiko wake ulivyo. Mwambie Inshaallah mwaka huu hautapita, nitakuja.

Mdogo wako akupendaye,
Rukaiya


Malindi, Unguja, 28 Mei 2024

Kwa mdogo wangu Rukaiya,

Marahaba. Sisi hatujambo. Mvua za masika zimetutesa, ukuta wa upande wa jikoni umemeguka tena, fundi amekuja mara mbili na mara mbili hakurudi. Ami Mcha anatembea kwa bakora lakini anatembea. Mimi niko na cherehani yangu, msimu wa sare za skuli unakaribia, na macho yangu si yale ya zamani.

Vitu vyote vimefika salama kwa mkono wa Mwanakheri. Ahsante.

Ummy alikifungua kisanduku mwenyewe kama ulivyotaka. Karatasi nyekundu hakuichana, aliikunja akaiweka ndani ya msahafu wake. Siku mbili za mwanzo hakuondoka mbele ya televisheni ila kwa sala na skuli. Mpaka mimi alinikalisha, akanipa pedi ya pili, akanichekea ninavyoikamata kama mkasi.

Kuna neno nataka kukuuliza, na unijibu sawasawa. Hii mashine, tangu ilipotoka kwa hao mafundi wa Dubai, ilishikwa na nani kabla ya kufungwa na kupewa Mwanakheri? Iliwahi kuchezwa hapo ulipo?

Barua ya Ummy haimo humu. Ana mitihani.

Dada yako,
Biasha


Muscat, 2 Julai 2024

Dada yangu Biasha,

Shikamoo. Idi imepita salama, Alhamdulillahi. Huku walichinja ng'ombe wawili na mimi nimesimama jikoni mpaka miguu ikavimba. Nanyi mlikula wapi Idi? Ummy alishona nguo gani? Nilitamani picha.

Umenifurahisha kunambia anacheza. Nilipofika pale pa wewe kushika pedi kama mkasi nilicheka peke yangu, na nikalia.

Swali lako limenishangaza. Nani atacheza hapa? Ilikuja na posta, nikaifungua kuona kama imevunjika, nikakwaruza ile U, nikaifunga. Wallahi haikukaa kwangu hata siku mbili. Kama kuna kitu ndani yake hakifanyi kazi sema, garantii bado ipo, Yusra atawaandikia.

Mitihani imeshakwisha nadhani. Hata mistari miwili, dada. Hata jina lake tu.

Rukaiya


Muscat, 20 Septemba 2024

Biasha,

Shikamoo. Sijambo, na sijui kama nyinyi hamjambo, kwa sababu tangu Mei sijapata neno. Mwanakheri amekuja na kurudi mara mbili, na kila nikimuuliza anasema ulikuwa na haraka, hukuandika.

Sasa najua kwa nini hukuandika.

Nimeiona gemu ya mwanangu. Nimeiona kwenye mtandao, kwenye ukurasa wa fundi mmoja wa Darajani anayeuza simu na gemu zilizotumika. Ameipiga picha mbele, nyuma na chini, na huko chini ipo ile U niliyoikwaruza kwa mkono wangu. Ameandika "imetumika kidogo, imesafishwa, kama mpya". Nimemwandikia, anaitwa Shaame. Nimemuuliza kaipata wapi. Kanijibu: "Kaileta mama mmoja mshoni, alikuja na mtoto wa kike." Alikuja na mtoto! Ulimchukua mwanangu kwa mkono ukamtembeza mpaka Darajani akatazame zawadi ya mama yake ikiuzwa.

Nimeinunua tena. Naam, mara ya pili. Shaame atamtuma kijana ailete mlangoni kwako Jumamosi, na safari hii utampa Ummy mbele ya huyo mletaji.

Nataka nikwambie jambo ambalo miaka yote nimekuwa nikilimeza. Mungu hakukupa mtoto, Biasha. Uliolewa mara mbili, ukaachwa mara mbili, na sababu mtaa mzima unaijua. Mimi nilikupa wangu umlee kwa sababu sikuwa na njia, si kwa sababu nilikuonea huruma ukawa naye milele. Usijilipe kwa tumbo langu. Unaniogopa mimi, ndiyo maana kila kitu changu kinachoingia nyumba hiyo lazima kife.

Rukaiya


Malindi, Unguja, 6 Oktoba 2024

Rukaiya,

Nakusalimu kwa sababu mama alitufundisha barua haianzi bila salamu. Ami Mcha hajambo. Ukuta umejengwa. Bi Salhiya amelazwa, sukari imempanda.

Nijibu kwanza: simu huna, sasa mtandaoni uliingia na nini? Shaame ulimwandikia kwa kidole? Barua ile uliiandika kwa hasira ukasahau uongo wako wa Mei.

Sasa nisikilize. Siku ya tatu baada ya gemu kufika, Ummy alinijia jikoni. Akasema:

"Mama mkubwa, babu alikuwa akimwita mama jina gani?"

"Ruki," nikamwambia.

"Basi yumo ndani ya gemu."

Nikajua mchezo wa watoto. Akanivuta mkono mpaka ukumbini. Ile gemu ya ndege za vita, ukimaliza inakuandikia majina ya waliopata pointi nyingi. Hao mafundi wako wa Dubai waliifuta mashine ikawa tupu, mimi naamini. Lakini waliokuja baada yao hawakufuta kitu. Juu kabisa MUDI. Chini yake BABA. Chini kabisa RUKI, pointi kidogo kabisa.

Ummy akacheka. "Mama hajui kucheza," akasema. Alifikiri umemwekea mzaha, umejiandika humo makusudi ili akukute. Alifurahi, Rukaiya. Akakaa siku nzima anapiga ndege ili jina lake liwe karibu na lako. Alipofika hapo ndipo akauliza: "Mudi nani?" Nikamwambia sijui. Akauliza: "Na baba ni baba gani?" Baba yake yeye yuko Mwanakwerekwe chini ya udongo, mwaka wa nane huu.

Kwa hiyo nikakuandikia, nikakuuliza kwa upole. Ungenipa jibu lolote la maana ningelibeba. Wewe ukaniapia wallahi. Nilipoisoma barua ile nikaiweka chini nikaenda kwa Mwanakheri. Sikumtisha. Nilimuuliza tu: "Mudi ana miaka mingapi?" Akainamisha uso. Akasema, "Biasha, mimi nabeba mizigo tu." Nikauliza tena. Mwisho akasema, "Mitano. Muhammad jina lake. Mtoto mzuri." Akanambia na mengine. Kwamba hufanyi kazi kwa mtu, nyumba ni yako. Kwamba huyo Yusra ni mtumishi wako. Kwamba mumeo alikuposa akidhani wewe ni msichana, hujawahi kuolewa, hujawahi kuzaa. Ndiyo maana barua kwa mkono, na simu hakuna, na picha hakuna.

Miaka saba mtoto huyu anaomba dua kila sala mwenye nyumba wako awe na huruma akupe likizo.

Ningeweza kumficha. Nataka ujue hilo, kwamba nilikuwa na nafasi. Nilimuita, nikamkalisha, nikamwambia yote. Nikamwambia mama yako ameolewa, ana mtoto wa kiume, na mumewe hana habari zako.

Akaniuliza: "Hajui jina langu au hajui kama nipo?"

"Hajui kama upo."

Halafu akaenda kuichomoa gemu. Akazizungusha nyaya vizuri, kama ulivyozizungusha wewe, akairudisha ndani ya kisanduku chake. Akasema, "Twende tukaiuze. Ina wenyewe." Kwa hivyo si mimi niliyemtembeza Darajani. Yeye ndiye aliyenitembeza. Kwa Shaame alisimama mbele yangu akasema bei mwenyewe. Tukapata viatu vya skuli.

Na Jumamosi hiyo mletaji wako alifika. Ummy ndiye aliyefungua mlango. Aliipindua mashine akaiona ile U, akairudisha mikononi mwa mletaji. "Umekosea nyumba, kaka," akamwambia. Yule kijana akasimama hapo barabarani anatazama karatasi yake ya anwani. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango.

Kuhusu tumbo langu: ni kweli. Halikuzaa. Lako limezaa wawili, na mmoja umemla.

Biasha


Muscat, 15 Novemba 2024

Dada Biasha,

Shikamoo. Barua yako imenifikia siku nyingi, nilikuwa siwezi kuishika kalamu. Poleni na maradhi ya Bi Salhiya, mfikishie dua zangu.

Sitasema uongo tena. Gemu niliinunua kwa ajili ya Ummy, hilo ni kweli, naapa na safari hii niamini. Nilikaa siku tatu kwenye mtandao nikichagua, nikisoma watu wamesemaje, ipi vitufe vyake havigandi, ipi imesafishwa vizuri. Ilipofika Mudi akaiona. Alilia. Nikamwambia acheze siku moja tu, baba yake akakaa naye, wakaniita na mimi. Siku moja ikawa miezi minne. Kila nikitaka kuifunga naona itabidi niseme naipeleka kwa nani. Nilipompata Mwanakheri nikamnunulia Mudi nyengine mpya, hii nikaitoa kwa siri. Sikujua kama inaweka majina. Ningejua, dada, ningeifuta. Ni kubonyeza vitufe viwili tu, nimesoma sasa.

Mume wangu si mtu mbaya. Lakini ana mama yake na dada zake, na aliposa msichana. Mwanzoni nilisema nitamwambia nikishazaa. Nikazaa. Nikasema nitamwambia mtoto akitembea. Kila mwezi unaopita unafanya neno lenyewe kuwa zito zaidi. Leo nikisema, nitatoka nyumba hii bila Mudi. Huku mtoto ni wa baba.

Nimepata ruhusa ya kuja Januari, siku nne. Nimemwambia mume wangu Ami yangu mgonjwa. Nataka kumuona Ummy, nimueleze mwenyewe kwa mdomo wangu. Nakuomba usiwepo mtu wa kumtia maneno. Na nakuomba kwa jina la marehemu mama yetu, yaliyo baina yetu yasivuke bahari.

Mdogo wako,
Rukaiya


Muscat, 30 Januari 2025

Dada Biasha,

Nimefika salama. Sijui hata kwa nini nakuandikia, lakini nyumba hii hakuna mtu wa kumwambia.

Nilikuja siku ya Jumamosi, baada ya adhuhuri. Nilipiga hodi. Ummy akafungua. Amekuwa mrefu, ana uso wa baba yake marehemu Himid mtupu, nilimjua hata kabla hajanyanyua macho. Nilinyosha mikono. Yeye akanishika mmoja, akaubusu kama mtu anavyombusu mkubwa wake.

"Shikamoo. Karibu ndani, mama mdogo. Mama hayupo, amekwenda Fumba kwa Ami Mcha."

Mama mdogo! Nilifikiri nimesikia vibaya. Akaniketisha pale panapokaa wageni, akaniwekea juisi ya ukwaju na visheti juu ya sahani ya maua, ile ambayo mama alikuwa haitoi ila kwa watu wa mbali. Akakaa kitini, mikono mapajani.

Nikamwambia: "Ummy, mimi ndiye mama yako."

"Najua," akasema. "Nikuongeze sukari?"

Nililia mbele yake, sioni haya kukwambia. Yeye alisubiri. Akaniletea kitambaa. Kisha akaniuliza Mudi hajambo, anasoma wapi, anapenda kula nini, kama mtu anayeuliza habari za nyumba ya jirani. Nikamjibu yote. Nikamwambia nataka siku moja aje Muscat, aone bahari ya huko, amuone na ndugu yake.

Akaniuliza: "Nikija, utamwambia mumeo mimi nani?"

Nilifikiri haraka. Nilitaka aje, dada, nilitaka jibu ambalo litamleta. Nikasema: "Kwa mwanzo tu, nitamwambia wewe mtoto wa dada yangu."

Akatikisa kichwa taratibu, hakukasirika hata kidogo. "Basi ndivyo nilivyokuita, mama mdogo," akasema. Akasimama akachukua bilauri.

Nilitoka nikakaa barazani nje mpaka alasiri. Watu wanapita wananisalimu, wengine hawanijui. Kesho yake nilirudi, nikagonga, hakufungua mtu. Keshokutwa vilevile. Siku ya nne nilikuwa na ndege.

Nakuuliza jambo moja tu, na nijibu. Wewe ndiye uliyemfundisha maneno yale?

Rukaiya


Malindi, Unguja, 20 Februari 2025

Rukaiya,

Hatujambo. Bi Salhiya amefariki wiki iliyopita, Mungu amrehemu. Tumemzika mchana, watu walikuwa wengi.

Sikumfundisha neno. Nilimfundisha moja tu, kwamba niko Fumba. Fumba sikwenda. Nilikuwa ghorofani juu ya kichwa chako, nimekaa juu ya mkeka kwenye kile chumba cha mama, na unajua nyumba ile, mbao zake hazizuii sauti. Nilisikia kila kitu.

Nikwambie ukweli ambao huustahili. Ulipolia, nilisimama. Nilifika mpaka mlangoni, nimeshika kitasa, nataka niteremke nikukumbatie, kwa sababu nilikulea na wewe, kabla ya yeye. Ndipo nikakusikia ukisema "mtoto wa dada yangu". Nikaachia kitasa nikarudi kukaa. Baadaye nilikutazama dirishani, umekaa barazani na mkoba wako mpya, mpaka ulipoondoka. Kesho yake na keshokutwa tulikuwepo ndani sote wawili. Tulikuwa tunakata vitambaa.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi. Imeandikwa kwa sheha wa mtaa wetu, mashahidi wametia saini, Ami Mcha mmoja wao. Inasema kwamba wewe Rukaiya umeniachia mimi Ummy moja kwa moja, malezi yake, skuli yake, posa yake siku ikifika, na kwamba hutamdai, hutamwita, hutamwandikia. Sehemu yako iko chini, nimeiwekea alama ya kalamu.

Ukitia saini, mume wako hatasikia jambo kutoka kwetu mpaka tunaingia kaburini. Usipotia, nitamwandikia. Anwani ninayo, na jina lake kamili, na cheti cha kuzaliwa cha Ummy nimekitoa nakala.

Mwanakheri atakaa huko Ramadhani yote, anarudi baada ya Idi. Kwa hivyo una siku arubaini, usije ukasema nimekukaba koo. Zifikirie zote. Ni mwanao.

Biasha


Muscat, 24 Februari 2025

Dada Biasha,

Shikamoo. Karatasi hii hapa. Nimetia saini mahali pote ulipoweka alama, na dole gumba pia, isije ikasemwa si yangu. Sikuweza kumngojea Mwanakheri, kuna mtu wa Makunduchi anaondoka leo, nimempa yeye akufikishie mkononi.

Nakuomba na wewe utimize ahadi yako.

Ramadhani njema.

Rukaiya


Malindi, Unguja, 3 Machi 2025

Rukaiya,

Karatasi imefika juzi kabla ya futari. Nimeipeleka kwa sheha, imepigwa muhuri. Hii ni barua ya mwisho kutoka nyumba hii, kwa hivyo nitaandika yaliyobaki.

Barua ya kwa mumeo sikuwahi kuiandika. Cheti cha Ummy sikukitoa nakala. Mwanakheri hakunipa anwani yoyote, alikataa kabisa, hata nilipomlilia. Nilikuwa na jina la mji tu. Ungesema hapana, sikuwa na la kukufanya. Ungekaa kimya mpaka Idi, nisingekuwa na la kukufanya. Na nilikuwa nikiomba ukae kimya. Nilikuwa nimeshapanga: zikifika siku thelathini hujajibu, nitamwita Ummy nimwambie, mama yako ameshindwa kutia saini ya kukuacha, mngoje.

Nilimsomea barua yako jioni ile ile, tumekaa mkekani kungoja kufuturu, ameshika tende mkononi. Haikuwa na jina lake popote. Nilitafuta mara mbili.

Akauliza: "Karatasi ilimfikia lini?"

Nikamwambia, Mwanakheri alinipigia simu akasema alimpa tarehe ishirini na mbili.

"Na yeye akaitia saini lini?"

Ningeweza kumwambia sijui. Ningeweza kumwambia mtu wa Makunduchi alichelewa njiani, au kwamba wino umefutika, mtoto angeniamini. Alikuwa ananitazama, na adhana ndiyo kwanza inaanza.

Nikamwambia siku mbili.

Biasha